Maisha ya Mama Kevina wa Nsambya



Taarifa ya mwaka haitimii kwa hesabu za fedha na majina ya wanakamati peke yake. Yapasa pia iwe na habari za mtu ambaye kazi yake yaweza kutuonyesha namna ya kutumia fedha hizo na nguvu zetu. Safari hii amechaguliwa mwanamke ambaye hakuzaliwa Afrika wala hakukaa hapa kwetu Fort Ternan. Lakini safari yake ya kwanza kwenda kazini ilipita papa hapa, juu ya reli ishukayo kutoka Londiani na Kipkelion kwenda Koru, Muhoroni na Kisumu. Watu wa Uganda walimwita Mama Kevina. Alifariki mwaka 1957, na jina lake halijasahauliwa hata leo. Amechaguliwa kwa sababu moja: aliwatunza wagonjwa ambao dawa haikuweza kuwaponya, tena aliwafundisha wengine kufanya vivyo hivyo. Jambo hilo ni zito katika nchi yetu ya Kericho na Bomet, kama itakavyoelezwa mbele.

Utoto wake

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow, nchi ya Ayalandi. Baba yake, mkulima, alikuwa amekwisha kufa kwa ajali kabla ya mtoto huyo kuzaliwa. Alipokuwa na umri wa miaka 10 mama yake naye akafariki. Nyanya yake akamchukua na kumlea, na alipofika miaka 17 nyanya huyo pia akaaga dunia. Hivyo kabla hajawa mtu mzima alikuwa amezoea nyumba ya matanga. Alijua jinsi mwenye kufiwa anavyobaki peke yake baada ya majirani kwenda zao.

Alifanya kazi ya kusaidia kufundisha shuleni, kisha mwaka 1895 akajiunga na Masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Mwaka 1898 aliweka nadhiri zake na kupewa jina la Sista Mary Kevin. Hakutumwa ng'ambo mara moja. Alikaa miaka kadhaa akingoja. Ndipo Askofu Henry Hanlon, aliyesimamia misheni ya Mill Hill katika Uganda, alipoomba masista wa kufanya kazi miongoni mwa wanawake na wagonjwa.

Safari ya kupita kwetu

Masista sita waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902, wakawasili Nsambya, karibu na Kampala, tarehe 15 Januari 1903. Walikuja kwa meli mpaka Mombasa, kisha kwa reli mpaka ziwani. Reli hiyo ilikuwa mpya. Ilikuwa imefika Kisumu, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence, mwezi wa Desemba 1901 tu. Nchi hii yetu nayo ilikuwa imetoka kuhamishwa mwaka ule ule wa 1902. Kabla ya hapo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na jina la Fort Ternan lenyewe latokana na Kanali Ternan, aliyepata kukaimu kazi ya Kamishna wa Uganda. Basi reli iliyowaleta walowezi na bidhaa ndiyo iliyomleta pia mwanamke huyu wa miaka 27. Akapita, akavuka ziwa, akaanza kazi.

Aliikuta nchi katika msiba mkubwa. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwaua watu wa pwani za Ziwa Viktoria, Busoga na Buganda, na katika miaka ile watu zaidi ya 200,000 walipotea. Hapakuwa na dawa ya kuutibu. Mgonjwa aliyeshikwa aliweza tu kungoja siku yake, na mara nyingi jamaa zake walikuwa wagonjwa pamoja naye.

Masista walianza bila nyumba ya kutibia. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe, na wagonjwa walikaa kivulini wakingoja zamu. Watu walitamka jina la Kevin kwa namna ya lugha yao, wakaongeza neno la heshima wanalopewa wanawake waliokwisha kulea, likawa Mama Kevina. Mwaka 1906 walifungua kituo cha pili huko Nagalama. Mwaka 1910 mkuu wao alipoondoka kwa ajili ya ugonjwa, Mama Kevina akashika nafasi yake. Mwaka 1913 kikafuata kituo cha Kamuli, Busoga. Katika kila kituo palikuwa na shule na mahali pa kutibia.

Wapagazi wa vita

Vita Kuu vya mwaka 1914 mpaka 1918 vilipofika Afrika ya Mashariki, Serikali iliwachukua watu wengi kuwa wapagazi wa kubeba vyakula na risasi za majeshi. Wazee wanajua habari hizo kutoka kwa baba zao, kwa maana Nyanza ilitoa wapagazi wengi mno, na mtaa wa Kariokor katika Nairobi wachukua jina lake kwa kikosi hicho. Wapagazi wa Kenya waliokufa walizidi 40,000. Walio wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, homa, kichomi na njaa.

Hospitali ya Nsambya ilitumiwa kuwatibu wapagazi hao. Mama Kevina na wenzake waliwapokea watu waliokuwa mifupa na ngozi, na wengi wao hawakuwa na jamaa hata mmoja karibu wa kujua kwamba wamefika hospitali. Alikasirishwa sana na jinsi Wazungu walivyowatendea wapagazi hao. Wengine walipona wakarudi kwao. Wengine walikuwa wamechelewa, na kazi iliyobaki kwa masista ilikuwa kuwaosha, kuwapa maji na kutowaacha wafe kama watu wasio na kwao. Mwishoni mwa mwaka 1918 Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya M.B.E. kwa kazi hiyo.

Kufundisha watu wa nchi

Jambo la pili aliloliona katika miaka hiyo ni kwamba masista wachache kutoka Ulaya hawataweza kamwe kuitosheleza nchi. Mgonjwa hulala kijijini, na anayemtunza usiku ni mtu wa kijijini. Kwa hiyo mwaka 1923 alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko kwa wasichana wa Kiafrika. Siku zile wasichana wa Kiafrika hawakupokewa katika shirika la masista wa Kizungu, na huo ulikuwa ubaguzi wa wakati ule ambao haifai kuuficha. Aliwaanzishia shirika lao, lililoanza na wasichana 8 tu. Makao yake makuu yakawa Nkokonjeru. Baadaye shirika hilo likajitawala lenyewe, na masista wake wamefanya kazi ya kufundisha na kuuguza katika Uganda, Kenya na Tanzania.

Katika miaka hiyo hiyo Daktari Evelyn Connolly, mwanamke aliyekuwa mlei, alimsaidia kuanzisha shule ya wauguzi na wakunga huko Nsambya. Palikuwa na kizuizi. Sheria za Kanisa hazikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Mama Kevina aliona wanawake wakifa katika uzazi kwa kukosa msaada, naye ni mmoja wa waliosihi kwa miaka mingi kwamba sheria hiyo iondolewe. Mwaka 1936 Roma ikatoa ruhusa.

Huko Nkokonjeru aliacha pia nyumba ya kuwatunza wazee wasio na watu, vilema na yatima. Tena katika mwaka 1932 na 1934 vilifunguliwa vituo vya wagonjwa wa ukoma, cha kwanza Nyenga karibu na Jinja, na cha pili Buluba katika Busoga. Yafaa kukumbuka kwamba katika miaka hiyo dawa ya hakika ya ukoma haikuwapo; ilipatikana baadaye, karibu na mwaka 1950. Mwenye ukoma alifukuzwa nyumbani, na aliyemfuata hakuweza kumwahidi kupona. Angeweza kumpa kitanda, chakula, kufungwa vidonda, shamba dogo la kulima na mtu wa kuzungumza naye. Mama Kevina aliona kwamba hayo yatosha kuwa sababu ya kujenga.

Hili ndilo fundisho kubwa la maisha yake kwa chama kama chetu. Kwa watu wengi msaada ni kutafuta dawa, na dawa ikishindikana mkono huachilia. Yeye alihesabu kwamba mahali dawa inapokoma, msaada wa watu wapaswa kuongezeka.

Mwisho wake

Mwaka 1952 tawi lake la masista lilitengwa kuwa shirika kamili la Masista Wamisionari Wafransisko wa Afrika, lenye makao yake Mount Oliver, Dundalk, katika Ayalandi, na yeye akawa Mama Mkuu wa kwanza. Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, aliacha uongozi. Hata hivyo hakupumzika. Alikwenda Boston, Marekani, kukusanya fedha kwa ajili ya kazi ya Afrika, na huko ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957, mwenye umri wa miaka 82.

Mwili wake ulichukuliwa kwa ndege mpaka Ayalandi, ukazikwa Mount Oliver. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Waliomba arudishwe kwao, na ombi lao likasikiwa. Tarehe 3 Desemba 1957, miaka 55 kamili tangu siku ile aliyoondoka London, alizikwa Nkokonjeru kati ya watu wake. Katika Uganda jina la Mama Kevina limekuwa hata neno la kutajia hospitali au nyumba ya huruma, na Kanisa Katoliki limekwisha kuanza uchunguzi wa maisha yake, akiitwa Mtumishi wa Mungu.

Mbegu iliyoota Nsambya

Habari zake hazikukoma kaburini. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi katika hospisi ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1990, alikwenda Uganda kuanzisha huduma ya wagonjwa wasiopona, hasa wenye saratani. Hakuwa na jengo. Hospitali ya Nsambya, ile ile iliyoanzia chini ya mwembe, ndiyo iliyomwazima nyumba ndogo ya vyumba viwili vya kulala. Kutoka nyumba hiyo ilikua hospisi iliyofundisha watu wa nchi nyingi za Afrika.

Hospisi hiyo haikutegemea vitanda vingi. Wauguzi waliwafuata wagonjwa nyumbani kwao, wakachukua dawa ya mofini ya maji, iliyochanganywa kwa bei nafuu kutoka unga wake, ili kuyatuliza maumivu. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo waandike mofini wenyewe, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache. Pamoja nao walichaguliwa wanakijiji wa kujitolea. Hao walifundishwa kumtambua mgonjwa aliyefichwa nyumbani, kumtembelea, kusaidia kazi za nyumba na kumpasha muuguzi habari. Huko ndiko kulikofikia wazo la Mama Kevina la kuwafundisha watu wa mahali wawatunze watu wao.

Yanayotuhusu sisi

Katika Bomet na Kericho saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni, huonekana kwa wingi kuliko mahali pengi duniani. Madaktari wa hospitali ya Tenwek wameandika habari zake kwa miaka mingi, na kati ya wagonjwa wao wamewaona hata vijana wasiofika miaka 30. Mara nyingi mgonjwa hufika hospitali wakati chakula kigumu hakipiti tena. Hospitali yaweza kumwekea kifaa cha kuifungua njia ili anywe na kumeza, lakini wengi hawaponi. Hurudishwa nyumbani. Na nyumbani ndipo penye swali kwa chama chetu.

Vyama vya msaada kama hivi vimezoea mazishi. Mtu akifa, daftari hufunguliwa, gari hupatikana, jeneza hununuliwa, na watu hukesha. Hilo ni jema, wala hakuna wa kulipinga. Watu wa Uganda nao waliudai mwili wa Mama Kevina kutoka bara jingine. Lakini waliudai kwa sababu yeye alikuwa amekaa nao walipokuwa wagonjwa. Mwanachama wetu aweza kulala kitandani miezi mitano, mkewe hapati usingizi, watoto wanakosa shule, ng'ombe hakamuliwi kwa wakati, na hakuna anayebisha hodi. Siku anapokufa uwanja hujaa. Wazee wanajua kwamba jambo hili liko. Methali yasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya mgonjwa yatangulia msiba.

Msaada unaotakiwa si wa fedha nyingi. Wanachama wawili wawili waweza kupewa nyumba moja na kuitembelea kwa siku maalumu bila kukosa, maana mgonjwa huhesabu siku. Waweza kumgeuza kitandani ili asipate vidonda, kumwosha, kumsafisha kinywa kwa maji safi. Asiyeweza kumeza vizuri hukalishwa wima, akapewa uji mwepesi au maziwa kidogo kidogo, na akikataa halazimishwi. Mmoja aweza kukaa naye wakati mke au binti amelala saa mbili. Mwingine aweza kuchota maji, kupasua kuni, kwenda zahanati kuchukua dawa, au kuwapeleka watoto shuleni. Baada ya mazishi nyumba hiyo isiachwe, kwa sababu mwezi wa pili na wa tatu ndipo upweke unapouma.

Yako pia mambo ambayo mwenye kujitolea asiyafanye. Asigawe dawa kwa shauri lake mwenyewe wala asizuie dawa iliyoandikwa na muuguzi. Asimwahidi mgonjwa kupona, wala asimtangazie kufa. Amsikilize, na maswali ya ugonjwa ayapeleke kwa mwenye elimu ya tiba. Aliyoyasikia nyumbani humo, ya shamba, ya urithi au ya ugomvi, yasitoke nje. Asimshurutishe mtu dini yake. Mama Kevina alikuwa Mkatoliki kamili, lakini mwembe wake ulimkaribisha kila mgonjwa.

Neno moja zaidi juu ya mofini, kwa kuwa baadhi ya wazee huiogopa. Husemwa kwamba humwua mgonjwa au humfanya mlevi. Itolewapo kwa kipimo cha wenye ujuzi, kwa ajili ya maumivu ya saratani, haifanyi hivyo. Humwezesha mtu kulala, kuzungumza na watoto wake na kuyapanga mambo ya nyumba yake akiwa na akili timamu. Mzee anayelia kwa maumivu hawezi kuwaachia wanawe wosia. Wataalamu huita kazi hii yote tiba shufaa, na hospitali kadhaa za Kenya zimekwisha kuwa na wauguzi waliofundishwa kuifanya. Familia yenye mgonjwa wa namna hii yafaa iulize habari zake mapema, isingoje siku za mwisho.

Wanachama watakapokaa katika mkutano mkuu kuzungumza juu ya matumizi ya mwaka ujao, inapendekezwa kwamba sehemu ndogo ya mfuko itengwe kwa ajili ya wagonjwa walio hai: nauli ya kwenda kliniki, sabuni, mashuka, maziwa. Inapendekezwa pia kwamba kila tawi litaje majina ya watu wawili, mwanamume na mwanamke, watakaokubali kufundishwa na wauguzi na kuwatembelea wagonjwa. Mama Kevina alianza na wenzake watano chini ya mti mmoja, na shirika lake la Kiafrika lilianza na wasichana 8. Tawi lolote letu lina watu zaidi ya hao.